Subaru ya tabo inamisi: namna ya kuipima kabla hujaagiza spea Dar

Msimu wa korosho ukianza, huku Mtwara magari yaliyolala huamka. Pesa ya mnada ikishaingia, kuna mtu ataondoa turubai juu ya Impreza aliyoiegesha chini ya mwembe tangu mwaka juzi, atafunga betri mpya, ataiwasha, na kesho yake asubuhi yuko gereji: "Fundi, linamisi. Linavuta vizuri, halafu ghafla kama limekabwa." Ukimuuliza ameshafanya nini, anafungua buti na kukuonyesha koili mbili za mtumba alizonunua kwa ushauri wa simu. Gari bado linamisi, yaani kuna silinda isiyochoma petroli sawasawa.

Ninayoeleza hapa ni ya gari la namna hiyo: Impreza WRX au Forester ya tabo (turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa) ya miaka ya 2000, injini ya EJ20, lita 2, silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Mwenye Mark II ya tabo naye atapata cha kuchukua, ila sehemu za kushika hazitakuwa palepale.

Sababu ya kusisitiza kupima ni barabara. Kutoka Dar hadi hapa ni kilomita zipatazo 560. Ukiagiza leo Kariakoo au Ilala, mambo yakienda sawa spea inapanda basi la kesho alfajiri na unaipokea stendi jioni. Ukiwa umebahatisha vibaya, hizo ni siku mbili nyingine na nauli nyingine ya kifurushi, na sensa ikishatolewa kwenye boksi lake muuzaji harudishi hela. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kule Somanga, magari yalikaa juu ya mawe yakisubiri gasketi ambazo nusu yake, nina hakika, hazikuwa na kazi ya kufanya.

Vifaa

Huhitaji gereji ya kifalme. Multimita ya kawaida, soketi ya plagi ya milimita 16 yenye mpira ndani pamoja na ekstensheni fupi mbili, geji ya kompresheni ya kufunga kwa nyuzi, tochi, chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni, msasa laini na brashi ya waya. Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari ukiwa nacho ni vizuri, ila usikitegemee sana. Tundu chini ya dashibodi linafanana na la magari ya leo, lakini magari mengi ya Japani ya miaka hiyo huongea lugha ya kiwanda chao tu, kwa hiyo kile kifaa kidogo cha bei rahisi cha kuunganisha na simu kinaweza kukuambia hakuna gari hapo. Tafuta fundi mwenye mashine inayoijua Subaru.

Kwa Impreza na Forester nyingi za miaka ya 1990 hata mashine hauhitaji. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi mbili nyeusi zenye waya mmoja mmoja. Ziunganishe, washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa: kupepesa kurefu ni kumi, kufupi ni moja. Mbili ndefu na fupi moja ni 21, yaani sensa ya joto la maji. 22 ni sensa ya kugonga, 23 ni sensa ya hewa.

Kwanza uliza, ndipo ufungue

Kabla ya spana, uliza. Linamisi likiwa baridi au likishapata moto? Ukiwa umesimama, au ukikanyaga mafuta kupanda mlima? Lilianza lenyewe au baada ya fundi fulani kushika kitu? Gari linalotetemeka likiwa limesimama lakini likikimbia linatulia, na gari linalotulia likisimama lakini linakata ukilikanyaga kwenye mlima wa kupandia Newala kutoka Masasi, hayo ni magonjwa mawili tofauti. La kwanza nalitafutia hewa inayoingia pasipotakiwa, nozeli (inayopulizia petroli) au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). La pili nalitafutia cheche dhaifu, mafuta yasiyotosha au upepo wa tabo unaovuja.

Uliza pia mafuta yamekaa kwenye tangi muda gani na yalinunuliwa wapi. Petroli ya dumu la kijijini, iliyopita kwenye chupa tatu na faneli moja, huwa na maji. Petroli ya miaka miwili nayo imeshachoka, imwage. Na soma kibandiko cha ndani ya mlango wa tangi: gari hizi nyingi za tabo zilipangwa kunywa petroli ya oktani ya juu ya Japani, ambayo kwa kawaida ni kama 100. Ukiipa ya chini, sensa inasikia injini inaanza kugonga, kompyuta inachelewesha cheche, na gari linakuwa zito. Hapo hakuna spea iliyokufa.

Umeme na masi

Hapa ndipo natumia muda wangu mwingi, na ndipo wengi wanaporuka. Bahari iko pale. Gari lililolala Shangani au Mikindani mwaka mzima linapigwa na hewa ya chumvi usiku na mchana, na chumvi haianzi kula bodi, inaanza kula vishikizo vya nyaya.

Betri iliyotulia isome volti 12.6 hivi. Injini ikinguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, shughulika na altaneta kwanza, kwa sababu koili inayopewa umeme pungufu inatoa cheche pungufu.

Kisha pima masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha injini na bodi. Weka multimita kwenye volti za DC, waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe (nguzo, siyo kishikizo), mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwambie mwenzako apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kuna kutu njiani. Rudia kati ya nguzo hasi na bodi. Kuna WRX moja ya mteja wa Masasi iliyobadilishwa koili zote nne na pampu ya mafuta. Nilipopima hivi nilipata 0.9. Kishikizo cha masi juu ya injini kilionekana kizima kabisa kwa macho. Nilipokifungua, chini yake palikuwa na unga wa kijani, laini kama poda ya mtoto, na boliti ilitoka kwa vidole. Msasa, dakika kumi, vaselini kidogo juu baada ya kukaza. Yule bwana aliwasha, akasikiliza, akazima, akawasha tena. Akaniuliza, "Sasa zile koili zangu za zamani ziko wapi?" Alikwisha kuzitupa.

Ukiwa hapohapo, angalia panya. Gari la chini ya mti lina panya, usibishane. Fuatisha kwa vidole nyaya zinazopita nyuma ya injini na chini ya manifodi ya hewa. Plastiki iliyotafunwa huisikia vizuri kwa kidole kuliko kwa jicho.

Tafuta silinda inayolala

Silinda namba 1 na 3 ziko kulia, yaani upande wa dereva kwa gari zetu. Namba 2 na 4 ziko kushoto. Namba 1 na 2 ndizo za mbele, karibu na rejeta. Kompyuta ikitoa namba ya kosa P0301, ni silinda ya kwanza inayomisi. P0302 ya pili, na kuendelea hadi P0304.

Bila kompyuta, washa injini iachie ingurume yenyewe, kisha chomoa soketi ya koili moja, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Shika plastiki tu, na mikono iwe mikavu. Silinda nzima ukiichomolea koili injini inayumba. Ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo inayolala. Usiliache gari linguruma muda mrefu hivyo, petroli isiyoungua inakwenda kuunguza kateliti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi.

Umeipata? Usinunue kitu. Zima, hamisha koili yake uweke kwa jirani, ya jirani ilete huku. Misi ikihama na koili, koili imekufa, sasa agiza moja, siyo nne. Misi ikibaki palepale, hamisha plagi vilevile. Ikibaki bado, basi ni nozeli, waya au kompresheni.

Plagi za Subaru zina kero yake: ziko ubavuni, zimebanwa na chuma cha bodi. Toa betri upande mmoja na sanduku la ea klina upande mwingine upate nafasi. Zifungue injini ikiwa imepoa kabisa, hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zikitoka na plagi utalia. Mwanya uwe milimita 0.7 hadi 0.8. Wakati wa kurudisha, anza kwa mkono na ekstensheni peke yake bila racheti. Ukisikia ugumu kabla ya mizunguko kadhaa, toa, anza upya.

Itazame plagi usoni. Rangi ya maziwa ya chai, kavu, ni njema. Nyeusi kavu kama masizi ya kibatari, mafuta ni mengi kuliko hewa. Nyeusi yenye unyevu wa oili, oili inapanda. Nyeupe yenye chembe za kung'aa, silinda hiyo inaungua kwa joto kali. Acha kukimbiza gari mpaka ujue kwa nini. Na plagi moja iliyo safi kupita wenzake, kama imeoshwa, inanitia wasiwasi kuliko zote. Maji ya rejeta yanaingia pale.

Upepo unaovuja

Nitasimulia kosa langu mwenyewe. Forester yangu ilikuwa ikikanyagwa inatoa moshi mweusi na nguvu hakuna. Mashine ikasema sensa ya hewa. Nikaagiza. Ikaja, nikafunga, hali ileile. Nikaagiza ya pili nikiamini ya kwanza ni mbovu. Wiki ikaisha. Kijana wangu wa gereji, aliyekuwa anapuliza vumbi kwa kompresa, ndiye aliyeona hozi ya kutoka kwenye tabo kwenda intakula (kipoza hewa ya tabo) ikifunguka mdomo upande wa chini. Mpasuko wa urefu wa kidole. Juu hauonekani hata kwa tochi.

Ndivyo ilivyo: sensa inapima hewa mwanzoni mwa safari, kompyuta inamwaga petroli ya kutosha hewa hiyo, kisha hewa inatokea kwenye tundu njiani baada ya tabo. Petroli imebaki peke yake, moshi mweusi. Sensa haikudanganya, ilisema ilichoona.

Kwa hiyo jaribu upepo kabla ya kushuku sensa. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki kinachoenea kwenye mdomo wa hozi inayoingia tabo, toboa katikati, funga valvu ya tairi ya tubelesi. Vua hozi ya ea klina, kibane pale kwa klipu. Bana pia mrija wa kupumulia injini, la sivyo upepo utaingia kwenye sampu, bakuli la oili. Injini ikiwa imezimwa, jaza taratibu kwa pampu ya baiskeli au kompresa iliyopunguzwa hadi bar 0.5 hivi, usizidi. Kisha nyamaza usikilize, upulizie maji ya sabuni kwenye kila kiungo: chini ya intakula, pembeni ya mwili wa kuingizia hewa (throttle body), vijimirija vyote vya mpira. Mapovu yatakuonyesha. Mpira uliokaa miaka 20 na joto la huku ukiukunja kwa vidole na ukaona nyufa, badilisha hata kama hauvuji leo.

Pia geuza tabo kwa kidole ikiwa imepoa. Ikwaruze pembeni, au icheze mbele na nyuma, imechoka. Kucheza kidogo sana kulia na kushoto bila kugusa ukuta ni kawaida yake.

Mafuta

Hapa sina mengi. Funga geji ya presha, chomoa mrija wa vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti presha ya petroli), usome karibu na bar 3. Ikiwa chini, badilisha kichujio kwanza, halafu ndiyo uishuku pampu. Hakikisha hakuna sigara wala jiko la mama ntilie karibu. Sisemi kwa mzaha.

Kompresheni

Ikiwa silinda bado inalala, sasa ndiyo wakati wa habari mbaya. Injini iwe na moto kiasi, toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na nozeli ili kusiwe na cheche wala petroli, kanyaga mafuta hadi chini, piga stata sekunde tano hivi, andika namba. Betri iwe na nguvu, dhaifu itakupa namba za uongo. Injini ya tabo yenye afya iko kati ya bar 10 na 12. Mimi silinda moja ikipungua bar moja au zaidi kuliko wenzake naanza kuitilia shaka. Ikisoma bar 6, hakuna tena shaka.

Mafundi wa injini zilizosimama humwaga kijiko cha oili kwenye silinda na kupima tena: ikipanda, ringi; isipopanda, valvu. Kwa Subaru mbinu hii inadanganya, maana silinda imelala na oili inakimbilia upande wa chini peke yake. Bora kupuliza upepo kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kisha utege sikio. Ukilia kwenye mdomo wa oili, ni ringi au pistoni. Ukilia kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea. Ukitoa mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi.

Linachemsha

Usifungue mfuniko wa rejeta wa moto. Najua unajua.

Jambo linaloniudhi ni kutoa thamostati. Gari likichemsha mara moja, mtu anakuja na bisibisi, anaitoa, anasema "Huku ni joto, haina kazi." Ina kazi. Bila hiyo maji yanapita mbio, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli ya kuwashia. Gari linakunywa, oili inachafuka, na chanzo cha kuchemsha kiko palepale. Ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, na kipimajoto kama unacho. Ya Subaru huanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80. Maji yakitokota na bado imefumba, hiyo ndiyo ya kutupa, na unafunga nyingine.

Weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, siyo ya kisima chenye chumvi. Wakati wa kujaza, egesha gari pua ikiwa juu, fungua skrubu ndogo ya plastiki juu ya rejeta ili hewa itoke, mimina polepole kupitia tanki dogo lililo upande wa tabo, hita ikiwa kwenye moto. Injini hii iliyolala huficha hewa, na hewa hiyo ndiyo inayochemsha tena kesho wakati wewe unalaani gasketi. Lakini ukiwa umetoa hewa yote na bado chupa ya akiba inatoa mapovu mfululizo injini ikinguruma, gasketi kweli.

Oili, na mlio usiotakiwa kuusikia

Pima oili kila unapotia mafuta, maana tabo iliyozeeka inakunywa. Mlio wa tiktik asubuhi unaoisha injini ikipata moto mara nyingi si tatizo kubwa. Mlio mzito wa kugonga unaofuata mguu wako, unaozidi ukikanyaga na kuachia, ni beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni. Zima. Usiendeshe hata hadi nyumbani, vuta kwa kamba. Geji ya oili ya kufunga injini, ikiwa na moto, isishuke chini ya bar 1 ikinguruma taratibu na bar 3 kwenye mizunguko 5000.

Mirija ya oili ya baadhi ya injini hizi ina vichujio vidogo vya wavu ndani ya boliti. Oili ikikaa bila kubadilishwa, tope linaziba pale na tabo inakufa kwa kiu. Zikague ukibadilisha tabo, la sivyo mpya nayo itafuata.

Belti ya taimingi, kama huna ushahidi wa lini ilibadilishwa, ihesabu imekwisha. Muda wake ni kilomita 100,000, lakini odomita ya gari la mtumba ni hadithi. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni. Kazi hii, kwenye injini yenye kamshafti nne, mpe aliyeifanya. Kamshafti za upande wa kushoto zinabanwa na springi za valvu, ukiachia vibaya zinaruka zenyewe na kupinda valvu, hapohapo kwenye mawe, gari halijawashwa hata kidogo.

Baada ya kazi

Futa kumbukumbu ya kompyuta, washa, liache linguruma mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Kisha nenda Mikindani na urudi, polepole kwanza, ukikanyaga mafuta mara tatu nne tu wakati wa kurudi. Ukifika, iache ingurume dakika moja ndiyo uzime, tabo ipoe. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua boneti tena kabla ya kuwasha: kaza klipu zote za hozi ulizozigusa, maana mpira hulegea baada ya moto wa kwanza, angalia oili, angalia maji kwenye chupa ya akiba. Yakiwa yamepungua kidogo, jaza, ni hewa iliyotoka. Yakipungua tena keshokutwa, rudi kwenye plagi utafute ile iliyo safi kupita wenzake.